Foleni Isiyouliza Cheo

Mwaka 1987 mtandao uliounganisha vituo sita vya utafiti nchini Marekani, kuanzia San Diego hadi Princeton, ulizidiwa. Uliitwa NSFNET, na laini zake zilipitisha kilobiti 56 kwa sekunde, kiasi ambacho leo picha moja ya simu ingechukua dakika kadhaa kupita. Kila kituo kilikuwa na kompyuta ndogo ya kampuni ya DEC iliyoendesha programu ya David Mills, aliyoibatiza Fuzzball, na kazi yake ilikuwa ile tunayoijua leo kuwa kazi ya ruta: kupokea pakiti, kusoma anwani, kuisukuma kwenye laini inayofuata. Watumiaji walikuwa wa aina mbili. Wapo waliokaa mbele ya kioo na kuandika amri kwa Telnet kwenye kompyuta iliyo maelfu ya kilomita mbali, herufi baada ya herufi, na wapo waliohamisha mafaili makubwa. Pakiti moja ya faili yenye baiti 576 ilichukua milisekunde 82 kupita kwenye laini ile. Zikitangulia pakiti ishirini za namna hiyo, herufi moja iliyobonyezwa ilingoja zaidi ya sekunde moja na nusu, na hapo ni kituo kimoja tu. Mills na wenzake wakaiamuru foleni iitangulize Telnet. Waliokuwa wakiandika wakaona nafuu, wenye mafaili hawakugundua kitu, na wahandisi wakanyamaza. Walinyamaza kwa sababu yenye akili: mwenye faili angejua kwamba Telnet inapishwa njiani, kesho yake angelivika faili lake kanzu ya Telnet.

Naianza historia hii kwenye siri ile kwa kuwa ndani yake limo tatizo zima la kugawa laini ya mtandao. Kwa zaidi ya miaka arobaini wahandisi wamekuwa wakivutana kati ya njia mbili. Ya kwanza humuuliza kila mpita njia cheo chake: wewe ni sauti, au barua, au sinema? Ya pili haiulizi jina wala cheo, hutazama mwenendo: umechukua kiasi gani, na wenzako wamepata nini? Hoja yangu ni kwamba njia ya kwanza imerudi mara nyingi kwa majina mapya, na kila ilipotoka nje ya nyumba yenye mwenyewe mmoja ilikwama, kwa sababu cheo kisicholipiwa kila mtu hujitwalia. Njia ya pili ilidharauliwa kwa muda mrefu kama wazo zuri la darasani, lakini ndiyo iliyomo sasa ndani ya mamilioni ya vifaa, na wengi wanaofaidika nayo hawajui kuwa ipo.

Katika simu za zamani swali lenyewe halikuwepo kwa sura hii. Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 hesabu za uwezekano wa simu kupigwa, na hesabu alizoziendeleza ziliwawezesha mafundi kujua laini ngapi zinatosha mji. Lakini aliyepata laini aliimiliki mpaka akate simu, na aliyekosa alikosa. Mtandao wa pakiti, uliobuniwa katika miaka ya 1960 na Paul Baran upande wa Marekani na Donald Davies upande wa Uingereza, ulichagua jambo jingine: hakuna anayemiliki laini, wote wanachanganyika, na anayekuta laini ina mtu anasubiri. Kwa hiyo ukachagua foleni. Ni ajabu kwamba waliouchagua walitumia nguvu nyingi kufikiri njia ya kupitia na kidogo mno kufikiri namna ya kusubiri.

Kidogo hicho kilitoka jeshini. Septemba 1981 ulipotoka waraka namba 791 wa wahandisi wa mtandao, ulioandaliwa na Jon Postel na unaoeleza itifaki ya IP inayotumika mpaka leo, kila pakiti ilitengewa biti nane za kueleza aina ya huduma inayoitaka. Biti tatu kati ya hizo zilikuwa za cheo, nazo zikatoa ngazi nane. Ngazi hizo ni ndugu wa zile za mtandao wa simu wa jeshi la Marekani, AUTOVON, ambako baadhi ya simu zilikuwa na safu ya nne ya vitufe kwa ajili ya vyeo vinne, na mwenye cheo cha juu aliweza kuikata simu ya mwenye cheo cha chini katikati ya mazungumzo. Jeshini mpango huo una mantiki yake, maana anayebonyeza kitufe kisicho chake anajulikana na anaadhibiwa. Waheshimiwa wale wanane wakahamishiwa kwenye mtandao ambao mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta angeweza kujiandikia cheo cha jenerali, na hakukuwa na wa kumuuliza. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, lakini hapa nguvu yenyewe iliandikwa na mwenye kuitaka.

Aliyeliona tatizo kutoka upande mwingine ni John Nagle, aliyekuwa katika kampuni ya Ford Aerospace. Desemba 1985 alitoa waraka namba 970, na ndani yake akauliza swali linaloonekana la kipuuzi: ruta ingekuwa na kumbukumbu isiyo na mwisho, isiyotupa pakiti hata moja, je, msongamano ungekwisha? Akaonyesha kwamba usingekwisha, bali ungezidi. Kila pakiti ilibeba kikomo cha muda wa maisha yake, na foleni ikirefuka kupita kikomo hicho, kila pakiti inayofika mbele inakuwa imekwisha kufa, na laini yote inashughulika kuzika maiti. Kutoka hapo akaingia katika hoja iliyo ya siasa zaidi kuliko ya umeme. Foleni ya aliyetangulia kufika ndiye wa kwanza huonekana ya haki, lakini katika mtandao inamzawadia anayetuma zaidi: aliyejaza foleni kwa pakiti mia anapata mara mia ya aliyetuma moja. Basi kwa kila mmoja lililo bora ni kutuma kwa fujo, na wote wakifanya hivyo wote wanapotea. Dawa yake ilikuwa kumpa kila mtumaji foleni yake, na ruta ichukue pakiti moja kwa kila foleni kwa zamu. Mwenye fujo atajijazia foleni yake mwenyewe, na hasara itabaki kwake.

Kabla dawa hiyo haijapata masikio, maradhi yalipanda. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley huko California, majengo yaliyotengana kwa mita zisizofika 400, kasi ilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zikituma, zikikosa jibu, zikituma tena kile kile, na laini ikajaa marudio. Van Jacobson alilichunguza tukio hilo, na mwaka 1988 akachapisha kanuni ambazo bado zimo ndani ya TCP, itifaki inayosimamia kutuma na kurudia pakiti: anza polepole, ongeza kidogo kidogo, na ukipoteza pakiti punguza mara moja. Ni kazi kubwa, na bila shaka iliuokoa mtandao. Ila tuiangalie kwa jicho kavu. Jacobson alifundisha adabu kwa watumaji, hakuweka mlinzi mlangoni. Adabu ile ilienea kwa kuwa ilikuja ndani ya mifumo ya kompyuta na mtu hakuombwa kuichagua. Asiye na adabu aliendelea kuwa mbele, na foleni ndani ya ruta ilibaki kama ilivyokuwa.

Mlinzi alikamilishwa mwaka 1989, pale Alan Demers, Srinivasan Keshav na Scott Shenker wa kituo cha utafiti cha Xerox waliporekebisha kasoro ya Nagle. Zamu ya pakiti moja moja humpendelea mwenye pakiti kubwa. Fikiria bomba la maji la mtaa: ukihesabu vyombo badala ya lita, mwenye pipa na mwenye jagi wanapata zamu sawa na maji yasiyolingana. Wao walipendekeza ruta ijifanye inagawa biti kwa biti, kana kwamba kila mmoja anapata kikombe kimoja kwa zamu, ipige hesabu ni nani chombo chake kingejaa mapema, kisha huyo ndiye apitishwe kwanza, chombo kizima kwa mkupuo. Matokeo yake ni mazuri kuliko yanavyoonekana kwa haraka. Mwenye jagi habakii tu na haki yake. Anaondoka mapema, kwa sababu jagi hujaa upesi, na mwenye pipa hacheleweshwi sana na jagi hilo. Herufi ya Telnet ingepita mbele ya faili pasipo mtu kuijua kuwa ni Telnet.

Walalamikaji wakasema hesabu hiyo ni nzito mno kwa ruta yenye maelfu ya watumaji, na kwa wakati huo walikuwa na haki ya kusema hivyo. Paul McKenney akajibu mwaka 1990 kwa kupunguza idadi ya foleni na kuwatawanya watumaji humo kwa bahati nasibu. M. Shreedhar na George Varghese wakajibu vizuri zaidi mwaka 1995: kila foleni ipewe posho ya baiti kwa kila zamu, na isipotosha kupitisha pakiti iliyo mbele, bakaa iwekwe akiba kwa zamu ijayo. Ni utaratibu wa daftari la duka, na ruta ya bei ndogo inaumudu.

Wakati huo huo, katika ofisi na vyuo, swali lilikuwa la kawaida zaidi: laini ni moja, imelipiwa na wengi, nani apate nini? Sally Floyd na Van Jacobson walilijibu mwaka 1995 kwa mpango wa kugawa laini kwa matabaka yanayopangwa kama ukoo. Idara hii ina fungu lake, ndani ya fungu hilo sauti ina sehemu yake, tovuti sehemu yake, uhamishaji wa mafaili sehemu yake. Kiini cha mpango ni kwamba fungu ni dhamana na si ukuta. Nisipolitumia, jirani analiazima, na nikilirudia, ananiachia. Miaka michache baadaye Martin Devera aliandika kwa ajili ya Linux utaratibu unaofuata wazo hilo kwa njia nyepesi, HTB, ambao mafundi wengi wanautumia hadi leo. Afrika Mashariki ilihitaji maarifa ya namna hii kuliko wengi. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia ilipanda hadi setelaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na swali na jibu lake vilikula karibu nusu sekunde hewani kabla foleni yoyote haijaanza. Kwenye laini nyembamba na ghali namna hiyo, fundi aliyeitanguliza barua pepe na kuzisogeza sinema hadi usiku hakuwa mwonevu. Alikuwa msimamizi wa nyumba yenye mwenyewe, na wenye nyumba walijua mlango wa ofisi yake.

Tatizo lilikuja pale wazo la cheo lilipotaka tena kutawala mtandao mzima. Mwaka 1994 ulipendekezwa mpango wa kila mazungumzo kuomba nafasi yake mapema katika kila ruta njiani, na itifaki ya kuombea ikatoka 1997. Ilikuwa kama kurudisha simu ya Erlang kwa mlango wa nyuma, na ruta kubwa zisingeweza kukumbuka maombi ya mamilioni ya watu. Desemba 1998 ukaja mpango mwepesi zaidi: zile biti nane za 1981 zikaandikwa upya, sita kati yake zikawa alama 64 za kutofautisha huduma. Alama namba 46 ikawa ya wale wasiostahimili kusubiri, hasa sauti. Shirika la vyuo vikuu la Internet2 lilijaribu kuijenga huduma bora ya namna hiyo kati ya mitandao mingi, katika mradi uitwao QBone. Mwaka 2002 Ben Teitelbaum na Stanislav Shalunov, waliokuwa ndani ya mradi wenyewe, wakaandika kwa nini haikuenea na pengine haitaenea kamwe. Dhamana ina maana tu kama kila mtandao njiani unaishika, kila mmoja anaona gharama ya kuishika, na mteja hawezi hata kuiona faida siku ambayo laini haijajaa. Kwa hiyo hadi leo mitandao mingi ikipokea pakiti kutoka kwa jirani hufuta alama yake mpakani. Jenerali akivuka mpaka anakuwa raia.

Kuna watakaosema nimewaonea wenye vyeo, maana vyeo vinafanya kazi kila siku. Simu za mezani za ofisi zinazopita kwenye mtandao zinasikika vizuri kwa sababu swichi zinaitanguliza sauti, na simu ya mkononi ya kizazi cha nne hubeba maongezi kwenye njia iliyotengwa. Ni kweli, na ndiyo hoja yenyewe. Katika mifano hiyo cheo hutolewa na mwenye mtandao, si na msafiri. Kampuni ya simu inajua mazungumzo yapi ni yake na inayatoza, na ofisi inamiliki swichi, simu na mfanyakazi. Cheo kinaishi pale penye mamlaka moja, na intaneti ni mkusanyiko wa mitandao isiyo na mamlaka moja.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema habari zote hizi ni za umaskini: ongeza laini, foleni itoweke. Historia inawaunga mkono kwa nusu. Julai 1988 laini za NSFNET zilipandishwa hadi megabiti 1.5, takriban mara 27, na siri ya Mills ikakosa kazi. Kwenye laini kuu za dunia, kununua uwezo kumekuwa rahisi kuliko kusimamia vyeo. Lakini uembamba haukufa, ulihama. Ulikwenda kukaa mlangoni kwa mtumiaji, kwenye modemu na ruta ya nyumbani, na huko ukakutana na kumbukumbu iliyoshuka bei. Watengenezaji waliijaza kwenye vifaa wakidhani kutopoteza pakiti ni fadhila, kana kwamba swali la Nagle la 1985 halikuwahi kuulizwa. Modemu yenye nafasi ya kilobaiti 256 kwenye laini inayotuma megabiti moja kwa sekunde, ikijaa, humngojesha kila anayefika sekunde mbili kamili. Tena TCP ya Jacobson hupunguza mwendo inapopoteza pakiti, na pale ambapo hakuna kinachopotea, inazidi kujaza. Jim Gettys alilitangaza tatizo hilo tangu mwishoni mwa 2010, na yeye pamoja na Dave Täht wakalipigia kelele mpaka likasikika. Megabiti zilikuwa zimeongezeka, na maongezi ya video yalikuwa yakikatika kila mtu mmoja nyumbani alipopakia picha.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson, yule yule wa 1988, walitoa kanuni ya CoDel. Haipimi urefu wa foleni, inapima muda ambao pakiti imekaa ndani yake. Muda huo ukibaki juu ya milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, ruta inaanza kutupa pakiti ili watumaji wapunguze mwendo. Mwaka huo huo Eric Dumazet aliiunganisha ndani ya Linux na foleni za zamu: mikondo ya pakiti hutawanywa kwenye foleni 1,024, kila moja na posho yake ya baiti, na mkondo unaotuma kidogo kuliko posho yake hutangulizwa. Tazama kilichotokea. Mkondo unaotuma kidogo ni herufi iliyobonyezwa, ni ombi la kutafuta anwani, ni sauti ya mtu. Ndio ule upendeleo wa Mills wa 1987, ila sasa hauna haja ya siri. Faili likitaka kujifanya Telnet, njia pekee ni kutuma kidogo kama Telnet, na likituma kidogo halimsumbui mtu. Utaratibu huo ulichapishwa Januari 2018 kama waraka namba 8290, na miongoni mwa waandishi wake yumo Paul McKenney wa 1990.

Bado kuna tundu, na Bob Briscoe alilionyesha kwa ukali mwaka 2007: ukigawa sawa kwa mkondo, atakayefungua mikondo hamsini atapata mafungu hamsini, na programu za kubadilishana mafaili ndivyo zilivyofanya. Ni kweli kabisa. CAKE, mrithi wa utaratibu wa Dumazet aliyeingia Linux mwaka 2018, hugawa kwanza kwa kila kifaa nyumbani, kisha kwa mikondo ya kifaa hicho. Nje ya nyumba, kisa cha Comcast, kampuni ya intaneti ya Marekani, kinafundisha zaidi kuliko hesabu. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilibainika kuwa inakatiza mawasiliano ya BitTorrent, mojawapo ya programu hizo za mafaili, yaani ilihukumu kwa jina. Tume ya mawasiliano ya Marekani ikaiamuru iache mwaka 2008, mahakama ikaitengua amri hiyo 2010, lakini kampuni ilikuwa imekwisha kubadili njia. Mfumo mpya, ulioelezwa katika waraka namba 6057 wa Desemba 2010, haukuangalia programu gani inatumika. Uliangalia ni mteja yupi anavuta sana kwa dakika 15 pale njia yake inapokaribia kujaa, na huyo ndiye aliyesogezwa nyuma kwa muda. Hata kampuni yenye uwezo wa kuuliza majina iliona ni afadhali kuangalia mwenendo. Linalobaki ni swali la nani ahesabiwe kuwa mmoja: mtu, kaya, au bweni zima la wanafunzi. Hilo hakuna ruta itakayolijibu, ni jambo la watu kukubaliana.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Uwezo uliobaki uligawanywa na foleni zilizopangwa mapema na watu ambao wateja hawawajui. Msomaji anaweza kuipima foleni yake bila kungoja mkongo ukatike. Pakia video kubwa, na huku inapakia, piga ping kwenye seva iliyo karibu. Kama jibu lililokuwa likirudi kwa milisekunde 30 sasa linarudi kwa 2,000, tatizo si kifurushi ulichonunua, ni ruta. Mpigie anayekuuzia intaneti, umuulize inapanga foleni gani.